Mwenye Kiwanja ni Yule Anayesimama

Kuna mtu ananishukuru, na mimi nimechoka kushukuriwa. Kila akija mgeni kutoka Kigoma huniletea salamu zake: yule mzee mshonaji anakusalimia sana, anasema bila wewe leo angekuwa udongo. Watu hapa Rumonge wakisikia hivyo hunitazama kwa heshima. Leo nayasema yalivyokuwa, na anayeweza kumfikishia amfikishie.

Mzee huyo alikuwa jirani yetu, ua kwa ua, katika mtaa wa Waswahili. Alikuwa fundi cherehani, mtu msafi, kanzu imepigwa pasi hata siku za kazi, na alikuwa na chafya inayojulikana mtaa mzima. Alipiga tatu, hazizidi wala hazipungui, kisha akasema alhamdulillahi kwa sauti ya kutaka kila mtu amwitikie. Tulipokuwa wadogo tulimwitikia tukiwa upande wetu wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe tunayopanda kuwa ua, naye alicheka.

Uhuru ulipofika nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kupiga mashine. Masista walinifundisha. Ofisi iliyokuwa ikigawa viwanja ilinichukua kama daktilo, mpiga taipu wake. Ilikuwa imetoka kanuni mpya ya kuukata mji katika parseli, yaani viwanja vilivyopimwa, imeandikwa Kifaransa, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa maana za maneno: kiwanja ni nini, njia ni nini, mpaka ni nini, mwenye kiwanja ni nani. Mkubwa wa ofisi alitaka maana hizo ziwekwe kwa Kiswahili ili zisomwe mtaani. Ikaundwa komite ya wazee wanne, jirani yetu akiwemo, na mimi pembeni na mashine yangu.

Njia haikuwapa taabu. Mpaka uliwalia asubuhi nzima, kwa sababu mmoja alisema mti uliopandwa na babu yake ni mpaka, mwingine akasema ni mti tu. Walipofika kwenye mwenye kiwanja, Kifaransa kilisema ni yule anayekaa pale. Jirani yetu akatikisa kichwa. Akasema kila mtu atadai anakaa, na wengine wana nyumba nyingine Uvira, wengine wako Kabonga wakivua mwaka mzima. Tuseme hivi: mwenye kiwanja ni yule ambaye siku ya kupima anasimama kwenye kona ya kiwanja chake na kuitika akiitwa. Wazee wakamsifu. Na mimi nilimwona ana akili. Tena niliongeza maneno matatu ya kwangu baada ya "anasimama", niliona sentensi inajaa vizuri zaidi: kwa miguu yake. Hakuna aliyeniomba. Nilikuwa najivuna tu.

Kabla wapimaji hawajafika mtaani kwetu, baba alifariki, na mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, kitambaa cheupe kichwani, haonekani na wanaume wa nje. Mtaa mzima ulijua, na jirani yetu alijua kuliko wote, maana mke wake ndiye aliyemletea mama uji kila asubuhi. Kaka yangu, mwanamume pekee aliyebaki kwetu, alikuwa Kabonga kwa wavuvi. Nilimwandikia aje. Barua ilimkuta mambo yamekwisha.

Siku ya kupima mimi ndiye niliyebeba karatasi na kusoma. Tulipofika kwetu nikasoma maana, nikaita mwenye kiwanja. Mama akaitika nyuma ya dirisha lililofungwa: niko hapa. Nikasema basi, ameitika, na mimi binti yake nitamsimamia kwenye kona. Jirani yetu alikuwa amefuatana na wapimaji kama mjumbe wa komite. Akatabasamu, akaniambia leo wewe ni ofisi, na ofisi haiwezi tena kuwa mwenye kiwanja.

"Na aliye ndani, Mzee? Humusikii?"

"Namusikia, mutoto wangu. Lakini sauti haisimami."

Kisha akavuka, akaingia kwetu, akaenda kusimama katikati ya kiwanja, penye michikichi yetu sita, akaitika yeye. Wapimaji wakapigilia kigingi mbele ya viatu vyake. Nusu ya kiwanja ikaenda hivyo hivyo tukitazama: michikichi yote, na mahali ambapo mama alikuwa akipikia mawese, mawe matatu na pipa lake. Mawese hayo ndiyo yaliyotulisha tangu baba alipoanza kuugua. Mama alisikia nyundo akiwa ndani. Nilipoingia alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, akaniuliza wamepima mpaka wapi. Nikamwambia.

Alipotoka eda alikuta miyenzi michanga imepandwa kati ya mlango wake na michikichi yake. Tangu hapo alinunua ngazi, mikungu ya chikichi, za watu wengine sokoni na kuzipikia mlangoni, moshi ukaingia ndani, akaanza kukohoa. Nililalamika ofisini nikaambiwa kanuni ni kanuni, na tena wewe ndiwe uliyeipiga mashine. Miaka kumi nilisikia kikohozi upande huu na chafya upande ule. Chafya tatu, alhamdulillahi, na hakuna wa kwetu aliyeitikia tena. Nguo zangu nilizipeleka kushonwa Minago. Nikikutana naye njiani nilimwambia amahoro, Mzee, kwa adabu zote, huku namwombea mabaya ambayo siwezi kuyaandika.

Ukaja mwaka wa sabini na mbili. Sitausimulia wote, siuwezi. Kulikuwa na bunduki, kulikuwa na watu kukimbilia ziwani na milimani, halafu kukawa na malori yanayochukua wanaume wasiorudi. Palipotulia kidogo, au tulipodhani pametulia, ofisi ikaagiza viwanja vikaguliwe upya. Kisicho na mwenyewe kitapewa jirani aliyepo. Kanuni ni ile ile, maana ni zile zile, na wa kuzisoma ni mimi.

Nilifurahi. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyepotea, na mimi nilipiga pasi gauni. Jirani yetu alikuwa hajaonekana kwa wiki tatu. Mke wake alisema amevuka kwenda Kigoma, lakini alisema haraka mno na bila kuulizwa. Nikamwita kaka kutoka Kabonga. Mama akamvalisha koti la baba, akalifunga vifungo yeye mwenyewe kama anayemwandaa kwa harusi.

"Safari hii tutasimama," mama alisema.

Tulianzia kwetu. Kaka alisimama kwenye kona, kifua mbele, na nilipoita akaitika "Niko!" mpaka mtaa wa pili ukasikia. Nikaandika jina lake juu kabisa ya orodha, na mbele yake: yupo.

Tukahamia kwa jirani. Nilisoma maana polepole, na yale maneno yangu matatu niliyavuta. Nikaita mara ya kwanza. Nikaita mara ya pili. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Nilipofungua mdomo kuita mara ya tatu, ndani ya nyumba mtu akapiga chafya. Akapiga ya pili. Tukasubiri sote, na ya tatu ikaja. Alhamdulillahi haikuja. Mpimaji akashusha kamba yake, akanisogelea, akaninong'oneza kwamba muzee iko ndani, anaogopa kutoka, tumwandike tu.

"Chafya haisimami," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika hadi ndani. Nikaandika: hayupo.

Wallahi ilikuwa tamu. Kigingi kiling'olewa mchana ule ule. Kaka akaenda kusimama penye michikichi, na mama akatoka, akagusa shina moja baada ya jingine kama anayesalimia wageni, akaomba aletewe pipa lake. Nilirudi ofisini nikaipiga mashine ile orodha vizuri, waliopo safu moja, wasiokuwepo safu ya pili. Usiku huo sikumbuki kama niliota chochote. Nililala fofofo.

Siku ya tatu, mchana, watu wa lori waliingia ofisini wakataka kujua wanaume gani wapo mtaani kwetu. Mkubwa wa ofisi akanyoosha kidole kuelekea meza yangu. Orodha ilikuwa juu ya meza, safi, haina hata kosa moja. Nikawapa. Watu wameniuliza kama nilijua. Nilijua malori yanafanya nini, kila mtu alijua. Mkono ulitoa karatasi, na mpaka akili inafika, karatasi ilikuwa mikononi mwao.

Nilikimbia kwa njia ya sokoni, lori likapita barabara kubwa. Kaka alikuwa juu ya mchikichi, anamkatia mama ngazi. Haya nimeambiwa na mama, maana mimi sikuwahi. Walisoma jina lake, la kwanza kabisa. Akaitika "Niko!" akiwa juu kule, kama nilivyomfundisha. Akashuka, akajipangusa mikono, akasimama.

Mimi nilifika lori likiwa mbele ya mlango wa jirani. Hilo nililiona kwa macho yangu. Aliyeshika karatasi akapitisha kidole kwenye safu, akasema huyu hayupo, wakaendelea na mlango uliofuata. Kaka alikuwa nyuma ya lori katikati ya wengine, na koti la baba. Hakuniona. Hajarudi mpaka leo.

Wiki ile jirani akavuka ziwa kweli. Kabla ya kumfuata, mke wake alikuja kwetu asubuhi na bakuli la uji, kama alivyokuwa akimletea mama wakati wa eda. Akapiga magoti mbele yangu, akanishukuru.

"Murakoze, dada. Ulimusikia, na ukaandika hayupo. Umetufichia muzee wetu."

Nilifungua mdomo nimwambie. Mama alikuwa kwenye mkeka, siku ya sita hajala kitu. Akatangulia yeye.

"Pokea uji, mutoto wangu."

Nikapokea. Nilinyamaza miaka yote hiyo kwa sababu yake, kwa kuwa alitaka walau neno moja jema lisemwe juu ya ile orodha. Sasa mama amekwenda. Kiwanja chote ni changu, kwa kanuni na kwa sahihi, na michikichi imezeeka, haizai sana. Sina tena wa kumnyamazia.

Basi, Mzee, huko uliko, acha kunishukuru. Sikukuficha. Nilitaka nikutoe nje, wewe na cherehani yako, ukae barabarani na moshi ukuingie kama ulivyomwingia mama yangu. Nilikusikia vizuri, chafya zote tatu, na niliandika hayupo ili nikunyang'anye. Maana ile uliitunga wewe, na mimi nikaipamba. Kaka yangu aliitii: alishuka, akasimama kwa miguu yake, akaitika. Wewe ulikaa kimya ndani ya nyumba, na ndiwe uliye hai unayenitumia salamu.