Siku Niliyompita Mama Mkwe

Kazi yangu ilikuwa kuhamisha majina ya wanafunzi wa zamani kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, katika ofisi moja mjini Tabora. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta hiyo tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Macho yalianza kwa kuwasha, kisha yakawa kama yametiwa mchanga. Nikayasugua, nikaendelea. Tulipewa mwezi mmoja tu, na sikutaka kuonekana mzembe.

Jioni moja niliposhuka kwenye bajaji Itetemia, mtaani kwetu, kila kilichokuwa mbali kilikuwa ukungu. Kando ya njia alisimama mtu mwenye kanga ya njano. Sikumtambua, nikapita.

Kabla sijavua viatu nyumbani, mume wangu akauliza, "Umegombana na mama?"

"Kwa nini?"

"Amepiga simu. Anasema umemtazama usoni, ukampita. Hata shikamoo hukumpa."

Niligeuka papo hapo, nikaenda kwa mama mkwe karibu nakimbia. Nilimkuta anachambua karanga.

"Shikamoo, mama."

Akasema, "Marahaba," kama anayemjibu mgeni.

"Sikukuona, mama. Macho yangu siku hizi..."

"Ulinitazama."

Tangu hapo sikutulia. Njiani nilimwamkia kila niliyemwona kwa mbali. Kuna binti wa shule nilimpa shikamoo, akacheka mpaka akaziba mdomo. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Akaniambia nikitazama kioo nasahau kupepesa, macho yanakauka, na yakishazoea vya karibu yanachelewa kurudi kuona vya mbali. Akanipa dawa ya matone na miwani, akasisitiza nipumzike mara kwa mara. Nilipumzika siku mbili tu. Madaftari yalikuwa bado rundo.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja ofisini bila taarifa. Akaomba kiti, akakaa kando yangu. Niliandika nikikosea herufi, nikifuta, nikiandika tena. Ghafla akanivua miwani, akanifunika macho kwa kiganja chake.

"Muda wote huu nakuangalia," alisema. "Hupepesi hata kidogo. Kumbe kweli hukuniona."

"Sikukuona, mama. Basi nimalizie ukurasa huu."

"Hapana. Fumba kwanza."

Nikafumba. Kiganja chake kilinukia sabuni ya mche. Machozi yakanitoka, ya macho kuuma au ya kitu kingine, sijui. Huko stesheni treni ilipiga honi, na vidole vyangu bado viligonga meza, vikitafuta herufi.