Chupa Moja kwa Dumu

Mke wangu Leticia hajui kukaa. Ukimpa kiti anakaa ukingoni, na kabla chai haijapoa ameshakipindua hicho kiti aone ni mguu gani umelegea. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni ya kukaa, na miaka kumi na sita sasa nalalamika bila mafanikio. Kibanda changu na karakana yake vinatumia ukuta mmoja hapa Majengo, mjini Mpanda. Wateja wangu wengi wamekwenda harusini na suruali zenye harufu ya petroli, na waliorudi kunisema ni wachache, maana wanajua wakinisema mimi atajibu yeye.

Ni mzaliwa wa Ikola, kule ziwani. Baba yake, mzee Amosi, alikuwa akitengeneza injini za mitumbwi, na kati ya watoto wake wote ni Leticia tu aliyependa grisi. Injini hizo hazina mahali pake pa kuweka oili. Oili inachanganywa na petroli kwenye dumu, na injini inakunywa vyote pamoja. Bodaboda za siku hizi haziko hivyo, kwa hiyo vijana wa karakana za mjini wakiletewa injini ya kuchanganya, iwe ya msumeno au ya pampu, wanaizunguka mara mbili halafu wanasema, "Mpelekee yule mama wa ziwa."

Ndivyo kiangazi kilichopita alivyoletewa pikipiki ya matairi manne. Ilikuja juu ya lori la Kenta, na mwenyewe akateremka taratibu akiegemea fimbo. Jina lake Ngusa, mfugaji wa Litapunga, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Dume la ng'ombe lilimkanyaga goti miaka miwili nyuma na goti likaunga vibaya. Pikipiki ya kawaida hawezi kuizuia isianguke, ila hii inasimama yenyewe. Aliinunua kwenye kambi ya wawindaji iliyofungwa, ikiwaka inapotaka na kuzima inapotaka.

"Dada, nina siku nne tu," akamwambia Leticia. "Ijumaa kaka zangu wanahamisha ng'ombe, mwendo wa siku tatu. Malisho ya kwetu yamekwisha."

"Si uwafuate kwa gari, mdogo wangu?"

"Kule gari halipiti. Na siyo kufika tu, dada. Inatakiwa niwe nyuma ya ng'ombe."

Akatueleza, akiwa amekaa kwenye benchi langu na mguu ameunyoosha. Baba yao alikufa akaacha kundi moja na watoto wa mama wawili. Kwa mama yake Ngusa yuko peke yake, na kwa mama mwingine wako wanne, mkubwa wao akiitwa Masele. Ng'ombe wote wanalala zizi moja, na anayewatofautisha ni alama iliyokatwa sikioni. Kila mwaka wakifika malisho mapya, ndama wanakatwa alama, na ng'ombe ambao alama zao zimefifia wanakatwa upya. Aliyepo ndiye anayesema huyu wangu, huyu wa mama yangu. Ngusa hakuwepo miaka miwili, na miaka yote miwili kundi lake lilirudi dogo.

"Kaka Masele siyo mwizi," akasema. "Yeye anasema asiyekuwepo na lake halipo. Hata mimi nilipokuwa na miguu nilikuwa nasema hivyo hivyo."

Leticia alikuwa ameshachuchumaa kando ya injini. Nadhani maneno ya mwisho hakuyasikia.

Hakuiwasha. Alichomoa plagi kwanza akaitazama kichwani, ilikuwa nyeupe kama chaki, akasema injini hii inakufa kwa kiu, inavuta hewa nyingi na petroli kidogo. Kisha akaziba tundu la plagi kwa dole gumba na kuniambia nipige kiki. Nilipopiga, dole lake likarushwa. Akacheka peke yake, akaniambia nirudie, likarushwa tena. Injini iliyotumika namna ile haikupaswa kuwa na nguvu hiyo. Akafungua kichwa cha silinda, na ndipo shetani wake alipopanda.

Mtu alikuwa ameichokonoa. Kichwa kilikuwa kimesagwa kikawa chembamba ili mgandamizo uongezeke. Njia za kupitishia moshi zilikuwa zimepanuliwa kwa tupa, alama za tupa zikionekana. Kabureta ilitoka kwenye mashine kubwa zaidi, na ekzosi ilikuwa na tumbo lililochomelewa kwa mkono. Pale kambini kulikuwa na mtu wa kupenda mashindano, tena mvumilivu. Leticia alipitisha kidole kwenye zile alama akasema, "Huyu alikuwa anajua." Aliniambia jambo la namna hiyo kuhusu suti zangu mara moja tu, mwaka tuliooana.

Siku mbili sikuona mke. Aliziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa mpira, akaijaza injini upepo kwa pampu ya baiskeli, akaipaka povu la sabuni kila pembe na kusubiri. Povu likachemka nyuma ya sumaku ya kutoa cheche, mahali ambapo sili, ule mpira unaoziba shafti, ilikuwa imekauka. Humo ndimo hewa ilimokuwa inaibiwa. Alitafuta sili kwenye kopo la spea za mitumbwi, akaipunguza kwa wembe mpaka ikakaa. Tundu la petroli la kabureta lilihitaji kupanuliwa kidogo sana, na drili ya ukubwa huo Mpanda nzima haipo, kwa hiyo akachukua sindano za cherehani yangu. Alivunja tatu. Nilinung'unika, akaniuliza kama nataka kazi ifanyike au nataka sindano.

Jumatano mchana ikawaka. Ilikuwa na mlio mkali, uliochongoka, na kila alipogusa skrubu ya kabureta ukazidi kuchongoka. Alikwenda nayo mpaka mwisho wa barabara na kurudi, mwendo wa kutisha kuku, na aliporudi macho yamemlowa. Akasema ni vumbi. Mimi najua ilikuwa Ikola, mitumbwi ya dagaa ikitoka. Kwa kweli siku ile niliona wivu, na sijui nilimwonea nani.

Ngusa alipokuja kuichukua, Leticia alimpa kipimo kama anavyowapa wote, kipimo cha mzee Amosi.

"Chupa moja ya soda ya oili kwa dumu la lita ishirini. Usizidishe, itajaa moshi."

"Chupa moja kwa dumu," akasema Ngusa. Alirudia mara tatu huku akipanda, goti lake baya likipita juu ya kiti bila shida. Uso wake ulikuwa umekunjuka kabisa. Alituahidi maziwa.

Ijumaa asubuhi Leticia alifagia karakana mara mbili. Akafungua jenereta ambayo haikuwa na tatizo, akaifunga. Akaja kwangu akasimama mlangoni akizungusha spana kidoleni, na mimi nilikuwa napima kola, nikamwambia ananizibia mwanga.

"Baba Wema, ng'ombe anatembea mwendo gani?"

Wema ni binti yetu, yuko bweni. Nilimjibu kwamba ng'ombe anatembea mwendo wa ng'ombe.

"Injini ya mtumbwi inapozwa na maji ya ziwa," akasema, polepole, kama mtu anayehesabu mishono. "Ile ya Ngusa inapozwa na upepo. Sasa akiwa nyuma ya ng'ombe, jua hili, upepo anautoa wapi?"

Niliiweka kola mezani.

"Na ile imesagwa kichwa, ina joto la mara mbili. Na mimi nimempa kipimo cha ziwa." Spana ikasimama. "Niliisikiliza injini, sikumsikiliza mwenye injini."

Alipiga simu ya Ngusa, haikupatikana. Akapiga tena huku anatafuta bati la shaba kwenye vyuma chakavu. Alilikata kwa mkasi wangu wa nguo, ule ambao hata karatasi siruhusu uguse, akatoa gasketi nene ya kukiinua kile kichwa kilichosagwa ili joto lipungue. Sikusema kitu kuhusu mkasi. Nilitoa pikipiki yetu, akapanda nyuma na boksi la vyuma mapajani na chupa za oili zimening'inia shingoni, tukaenda Litapunga. Njia nzima magoti yake yalikuwa yananigonga mbavuni kama vile mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha barabara.

Bomani tulikuta wanawake na ndama wachanga. Kundi lilitoka alfajiri. Tukafuata nyayo na kinyesi, na njia ilipokwisha tukafuata nyayo tu, mpaka kwenye uwanda ulioungua moto nyasi zote, mweusi, na katikati yake tukaona pikipiki ya matairi manne imesimama. Ngusa alikuwa pembeni yake, ameegemea fimbo, anatazama upande ambao vumbi la ng'ombe lilikuwa linaishia. Alisikia tumekuja, hakugeuka upesi.

"Imekata tu, dada. Wala haikupiga kelele."

"Oili uliweka?"

"Chupa moja kwa dumu, kama ulivyosema."

Miaka yote nimekuwa fundi, na najua fundi anavyojitetea. Suruali ikibana, kosa ni la kitambaa, au mteja amenenepa. Leticia angeweza kusema petroli ni chafu, au vumbi limeingia, na Ngusa angeamini.

"Ulifanya sawa, mdogo wangu," akasema. "Kipimo ndicho kibaya. Nilikupa kipimo cha ziwani. Ni mimi nimekusimamisha hapa."

Ngusa alichomeka fimbo kwenye majivu. "Masele alinisubiri kidogo," akasema. "Halafu akasema ng'ombe wana kiu."

Leticia hakungoja injini ipoe. Aliifungua ikiwa ya moto, amefunga vidole kwa khanga, na hata hivyo aliungua. Pistoni ilikuwa imejikwangua ubavu mmoja na kung'ang'ania silinda. Aliilegeza kwa oili na subira, kitu ambacho nyumbani sijapata kukiona kwake, akasugua mikwaruzo kwa msasa, akaweka ile gasketi ya shaba. Dumu alilichanganya upya, safari hii chupa mbili. Kazi hiyo ilikula saa nne. Mimi nilimshikia Leticia vitu na kumshikia Ngusa mazungumzo, ila Ngusa hakuwa na mazungumzo. Kila mara alitazama lile vumbi, na baadaye halikuwepo tena la kutazama.

Ilipowaka, ule mlio mkali haukuwepo. Ilinguruma chini chini, kikohozi cha mzee, na moshi wa buluu. Leticia aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Sasa nisikilize," akamwambia Ngusa. "Pistoni imejeruhiwa. Inaweza ikakufikisha, inaweza ikakuacha tena. Kila baada ya nusu saa uizime ipumzike. Ikikata huko mbele, utaweza kuifungua?"

"Siwezi, dada."

Akafunga boksi lake la vyuma kwenye keria, akapanda nyuma ya Ngusa.

Nilikasirika, sifichi. Mke wa mtu hapandi nyuma ya mwanamume mwingine kwenda porini siku tatu kwa sababu ya sili na gasketi. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Mama Wema, utalala wapi?"

"Wanakolala ng'ombe."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Waambie nimeenda kazini." Halafu akaniangalia, na uso wake ulikuwa umejaa masizi, akasema kwa sauti ndogo, "Baba Wema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyu ana fimbo, na mimi ndiye niliyemweka mbali."

Nilivua koti langu nikampa. Lilikuwa koti zuri, nililishona mwenyewe. Waliondoka taratibu mno, ningeweza kuwafuata kwa miguu, na nilisimama pale kwenye majivu mpaka nilipoona haya.

Siku nne nilikaa na simu mezani. Nilishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanafunzi. Siku ya tano akapiga. Nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe wengi.

"Tumefika jana," akasema.

"Ashukuriwe Mungu."

"Tulikuta wameshaanza kukata alama. Tangu asubuhi. Ngusa alishuka akaenda mpaka katikati ya zizi na fimbo yake, wakaacha. Waliobaki amewasimamia mwenyewe, mmoja mmoja, hakuna aliyebisha. Hata Masele alimshikia kamba."

"Basi mmeshinda."

"Kumi na moja wa Ngusa walikuwa wameshakatwa alama ya Masele."

Nikaibana simu sikioni.

"Nilimwambia Masele mbele ya watu wote kwamba kuchelewa ni kosa langu, siyo la Ngusa, awarudishe. Akanijibu vizuri tu. Akasema, shemeji, sikio likishakatwa halioti." Alivuta pumzi. "Tulichelewa nusu siku, Baba Wema. Nusu siku ni zile saa nne pale kwenye nyasi zilizoungua, na mapumziko ya injini."

"Ngusa anasemaje?"

Nilimsikia akisogea mbali na watu.

"Hajanilaumu hata kwa jicho," akasema. "Jana jioni kachinja beberu, akasema ni wa fundi wake. Wakanipa ini mimi wa kwanza, wote wananitazama. Nimekula, Baba Wema. Ningefanyaje?"