Shukrani za Bwana Ramazani

Enzi za Mdachi, Ramazani alikuwa mchuuzi wa mawese pale Rumonge, na hakuna aliyewahi kumwona akilialia. Alitoka Manyema na shuka moja mwilini. Sasa alinunua mafuta kijiji cha Kizuka, akayapeleka Ujiji kwa meli ya moshi, na ukimtajia bei ya kipumbavu alikucheka mbele ya wanao.

Ijumaa baada ya swala, wanaume walikaa barazani kwa Hamisi, karani wa bandarini aliyesomeshwa pwani, ambaye kwa elimu yake walimwita Mwalimu. Hamisi alipokea gazeti la Kiswahili, akawasomea. Siku moja akasoma habari za Marekani: huko watu weusi, wajukuu wa watumwa, wana behewa lao katika gari la moshi na wazungu wana lao, na weusi wenyewe wameridhika, huimba safari nzima.

"Aliyeandika alipanda behewa gani?" Ramazani akauliza.

"Halisemi, Mzee."

"Basi alikuwa lile lingine. Nyimbo alizisikia kwa mbali. Mutu mwenye njaa naye anaimba."

Wenzake wakacheka. Yeye alikumbuka meli. Safari yake ya mwisho, mkewe Zuwena alishikwa na homa melini, naye Ramazani akamlaza chini ya turubai. Baharia akawatoa: kivuli ni cha wazungu. Hapakuwa na mzungu hata mmoja pale. Palikuwa na mbwa wa nahodha, amelala. Zuwena akaungua na jua katikati ya mbuzi mpaka Ujiji, na tangu hapo akaapa hapandi tena. Mtumbwi nao aliuogopa. Dada yake wa pekee alikuwa Ujiji.

"Mwalimu, liandikie gazeti jambo langu," Ramazani akasema. "Wakubwa wa Dar es Salaam wakisoma, watamuuliza nahodha. Muke wangu ataenda kumwona dada yake."

Hamisi akaandika kama barua inavyoandikwa: salamu kwa mhariri, dua ya kumwombea Kaisari wa Wadachi, shukrani kwa serikali kwa amani ya njia na kwa meli yenyewe. Ramazani mwenyewe aliongeza sifa hapa na pale. Huwezi kuingia kwa mtu bila hodi. Homa, turubai na mbwa wakapata nafasi mwisho wa karatasi.

Mvua zilikuwa zimeanza gazeti lilipofika. Hamisi akasoma: "Mfanyabiashara wa Rumonge Ashukuru." Salamu zote zilikuwamo, pamoja na dua. Akalikunja gazeti.

"Endelea, Mwalimu."

"Imeishia hapo."

Kesho yake sokoni, Aziza, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alimwona tangu mbali, akamwamkia kwa Kirundi. "Amahoro, Bwana Shukrani. Nasikia meli iko nzuri, hata umeiombea dua."

"Nipimie ndagala, wee mama."

"Nashukuru," Aziza akasema, na wanawake wakashikana mabega kwa kicheko.

Nyumbani Zuwena hakucheka. "Umewashukuru kwa niaba yangu?"

"Wamekata maneno."

"Umewapa cha kubakiza."

Ramazani akarudi kwa Hamisi. "Andika upya. Anza na mbwa."

"Bila salamu ni matusi, Mzee. Matusi kwa serikali iko kiboko, na mwandiko ni wangu."

Ramazani akaanza kushusha salamu kama anavyoshusha bei. Mtoe Kaisari. Haiwezekani. Basi punguza shukrani. Hamisi akakubali kupunguza mhariri tu, kwingine akakaza. Ramazani akainuka akiwaza wale wa Marekani. Huenda nao waliandika, wakasifu kwanza kwa adabu, na mwenye gazeti akachukua sifa akaacha behewa.

Alijua herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, ambazo gazeti halikuzitaka. Akaandika mwenyewe, mstari wa kwanza mbwa, wa pili homa, akawapa wapiga makasia wampelekee Assumani, shemeji yake wa Ujiji, aisome barazani msikitini baada ya swala. Watu wa kule wote hupanda meli ile. Wakikataa pamoja kupakia mizigo, nahodha atasikia.

Majibu yakaja na mtumbwi wa chumvi. Assumani aliandika salamu nyingi, kisha: "Barua yako imetuumiza. Tumekukosea nini, shemeji, hata ukatuandikia bila salamu? Niliona haya kuisoma mbele za watu."

Ramazani aliikunja karatasi.

"Wanasemaje?" Zuwena akauliza kutoka jikoni.

"Wanakusalimu."