Akina Paluku Arobaini na Mmoja

Kazi ya Kambale Barthélemy ilikuwa kujenga watu. Askari wa vizuizini walipomuuliza anafanya nini, alisema yeye ni wa ordinatere, yaani kompyuta, nao walimwacha apite, maana ordinatere yenyewe hakuwa nayo mkononi. Ilikuwa mezani Kirolirwe, katika chumba cha nyuma ya duka la Papa Léopold, mfanyabiashara aliyetoka Butembo kama yeye, aliyeuza misumari, chumvi na rozari, na ambaye jenereta yake iliwaka kila siku isipokuwa siku ilipohitajika.

Mwaka ule wa 2013 vita vilikuwa vimewahamisha watu wa Masisi na Walikale mara nyingi kiasi kwamba wengi waliacha kufungua mafurushi. Shirika moja liligawa unga na mafuta, na ili ligawe lilitaka kujua nani yuko wapi. Vijijini walizunguka mawakala wenye simu. Wa Kalembe, kule Masisi na Walikale zinapopakana, aliitwa Trésor, mtu mwepesi wa miguu na mvivu wa kuandika.

Kazi ilikwenda hivi. Trésor aliketi na familia, akauliza maswali, akabonyeza majibu. Simu ikamvunja mtu vipande: jina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa. Kila kipande kiliingia katika mfuko wake, mdomoni mwa mfuko pameandikwa kilichomo, na kitakoni pameandikwa kwamba mfuko umeishia hapo. Mfuko wa mtoto uliingia ndani ya mfuko wa nyumba, wa nyumba ndani ya wa kijiji. Yote hayo yalikuwa maandishi matupu, huwezi kuyaamkia yakaitika. Yalipofika Kirolirwe, programu ya Barthélemy ilifungua mifuko mmoja mmoja, ikatengeneza mtu asiye na kitu, kisha ikamjaza: jina mahali pa jina, mwaka mahali pa mwaka. Akishajaa alisimama ndani ya mashine, mtu kamili wa kuhesabiwa na kupewa kilo kumi na mbili za unga. Programu haikumjua mtu yeyote. Ilijua umbo la mtu tu, na hilo lilitosha.

Shida ilikuwa mifuko iliyokosekana. Trésor aliruka swali, mtu akatokea hana mwaka, na programu ikamfikia na kuanguka chini kama mlevi kwenye ngazi. Madame Virginie, mkubwa wa kazi aliyekaa Goma, alipiga simu kila Jumatatu.

"Barthélemy, miye sitaki trou mu liste yangu. Fasi yote iko vide, uijaze."

Basi Barthélemy akakaa kuziba mashimo. Lakini shimo lililomsumbua zaidi halikuwa la Trésor. Lilikuwa la kwao.

Mtu wa kazi hiyo huwa na faili moja ya majaribio, na Barthélemy aliandika ya nyumba ya baba yake Butembo. Fomu iliuliza: watoto gani walilala nyumbani mwaka huu? Akajibu kwa haki. Programu ikafungua mifuko, ikajenga baba, ikajenga mama, ikajenga mtoto mmoja, Kambale, yaani yeye mwenyewe. Barthélemy aliitazama nyumba hiyo kwa muda mrefu, ikamuudhi.

Kwa Wanande, watu wa Butembo, mtoto wa kiume hatafutiwi jina, jina ndilo linalomngoja. Wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukimwambia Mnande mwenzako kwamba wewe ni Kambale, kabla hajakupa kiti atakuuliza Paluku yuko wapi. Barthélemy alikuwa ameulizwa hivyo maisha yake yote, na kwa miaka tisa ya mwisho alijibu kama mama yake alivyojibu: yuko Walikale. Paluku wao alikwenda Walikale mwaka 2004 na marobota mawili ya nguo za kuwauzia wachimbaji wa mgodi wa Bisie. Alisema atarudi baada ya wiki tatu. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeleta nguo, na nyumbani kwao neno la kufa halikutamkwa hata siku moja. Alikuwa Walikale. Basi.

Siku hiyo Barthélemy akaandika kanuni mpya katika programu: ukimkuta Kambale hana Paluku, mtengeneze Paluku. Ukimkuta Kasereka peke yake, watengeneze wawili. Akaiendesha tena ile faili. Nyumba ya baba yake ikatoka na wana wawili, wa kwanza hana umri wala mahali. Akaridhika, akaenda kula.

Kanuni hiyo ilipopitia faili za Kalembe, iliwapata akina Paluku arobaini na mmoja ambao hakuna mtu aliyewataja. Madame Virginie alipiga simu kumpongeza. Orodha ikachapishwa, Trésor akaibeba, kwanza aisomee kila nyumba, kisha Jumamosi, siku ya mgao, aibandike ukutani mwa kanisa.

Matokeo ya kusomewa yalikuwa ya namna mbalimbali. Mzee Sebahire, mfugaji ambaye si Mnande hata kidogo, alikuwa na mtoto mmoja aliyeitwa Kambale kwa heshima ya rafiki wa Butembo aliyemponyesha ng'ombe wake. Sasa serikali ya karatasi ilimpa na Paluku. Mke wake Euphrasie alimuuliza siku tatu mfululizo mama wa huyo mtoto ni nani, na siku ya nne akahamia kwa dada yake.

Ijumaa, saa sita mchana, mwanamke mmoja aliteremka kwenye pikipiki ya kukodi mbele ya duka la Papa Léopold, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa wa miaka arobaini na kitu, mwuza chumvi na sabuni sokoni Kalembe, naye pia wa kutoka Butembo. Alijitambulisha kwa jina lake la ubatizo, Consolée. Barthélemy aliona hilo ni ajabu kidogo, maana kwao mama mwenye watoto huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Hakuuliza.

"Weye njo wa mashini?"

"Njo miye, Mama."

"Miye nilimwambia Trésor niko na batoto babili. Kambale na Kasereka. Sasa karatasi yenu inasema batatu." Akafuta uso na kitambaa. "Nani alikuelezea habari ya Paluku?"

"Hakuna muntu, Mama. Mashini njo ilihesabu. Iliona Kambale, ikajua kama Paluku iko."

Mama Consolée alimtazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeleta nyumbani kitu kilichozikwa.

"Ikajua," alisema.

Halafu akamweleza, bila kupandisha sauti, akisimama karibu na mifuko ya misumari. Mwanawe Paluku alikuwa mbeba mizigo kwenye njia ya Bisie. Watu wa porini walimkamata njiani, wakampa bunduki, akakaa nao miezi minane, akatoroka. Sasa alikuwa mahali fulani Walikale akibeba mbao kwa jina la mtu mwingine. Yeye mama alihamia Kalembe ambako hakuna aliyewajua, na akamwambia kila mtu amwite Consolée.

"Bale ba porini banamutafuta juu alitoroka. Basoda ba serikali banamutafuta juu alikuwa na bale ba porini. Nilikuwa nimemuficha muzuri, mutoto wangu. Nilimuficha mu kinywa. Kesho jina lake litakuwa ku ukuta."

Barthélemy aliona haya, haya nzito ya mtu aliyesifiwa kwa kosa. Alikaa kwenye mashine, akaifuta kanuni yake yote, mistari kumi na miwili, na mahali pake akaandika mstari mmoja: kisichosemwa kisijengwe. Akachapisha orodha mpya. Akampigia Trésor simu, na mtandao wa Kalembe, kama kawaida yake, haukuwepo. Basi akapanda pikipiki nyuma ya Mama Consolée, wakashika njia, wakalala Mweso kwa watawa, na Jumamosi saa mbili asubuhi wakaingia Kalembe.

Trésor, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwahi, siku hiyo alikuwa amewahi. Orodha ilikuwa ukutani mwa kanisa tangu saa moja. Mbele yake alisimama ajida wa jeshi, aliyekuja kulinda mgao, akisoma kwa kidole. Alikuwa mnene, mpole wa sura, na rozari iliyofungwa kwenye kifungo cha shati, kama wafanyavyo watu wa Butembo, ilimwonyesha Barthélemy kwamba ni Mnande hata kabla hajafungua kinywa. Kidole kilikuwa kimesimama.

"Consolée njo nani hapa?"

"Njo miye, Papa," alisema mama yule.

"Uko na Paluku. Umri haujulikane, fasi haijulikane." Ajida alisoma taratibu, kama mtu anayefurahia. "Mama gani hajue fasi mutoto wake wa kwanza iko?"

Watu wa foleni ya unga walisogea wasikie. Barthélemy alisogea mbele, orodha mpya mkononi, na akasema kweli, kwa sababu hakuwa na muda wa kutunga.

"Ajida, huyo Paluku njo miye nilimutengeneza."

"Weye?"

"Mu mashini. Nilitengeneza arobaini na moja. Uangalie tu, hawa bote hawana umri. Hata Mzee Sebahire nilimupatia moja, na yeye si Munande."

"Bibi yangu aliondoka juu ya huyo mutoto!" alipaza sauti Mzee Sebahire kutoka kwenye foleni, na watu wakacheka. Ajida naye alicheka, akasoma chini, akahesabu kwa kidole, akaona ni kweli. Mambo yangeishia hapo. Lakini Mnande ni Mnande hata ukimvalisha magwanda.

"Sawa," akasema. "Mashini ni mujinga. Lakini Kambale hawezi toka mbele ya Paluku. Paluku wa huyu mama iko wapi?"

Mama Consolée hakupepesa macho.

"Alikufa ku surua. Alikuwa na miezi saba."

Ajida alimtazama yeye, kisha akamtazama Barthélemy, kama mtu anayetaka kujua kama bei ni hiyo kweli. "Na weye, jina yako?"

"Kambale Barthélemy."

"Kambale." Ajida alitabasamu. "Na Paluku wenu?"

Barthélemy alikuwa na jibu lake la miaka tisa, lilikuwa limekaa ulimini tayari: yuko Walikale. Akaona mara moja kwamba hapo, mbele ya ukuta ule, Paluku aliye Walikale asiyejulikana mahali ndiye hasa mtu ambaye ajida anamtafuta. Akisema hivyo, maswali yataanza upya, na yatamrudia mama yule.

"Alikufa," alisema. "Hata wetu alikufa."

Sauti ilitoka kavu, kama ya mtu anayetaja saa. Hakuwahi kulisema neno hilo, wala baba yake hakuwahi, na mama yake angempiga kofi.

"Pole," alisema ajida, na alimaanisha. "Poleni bote babili. Hii vita imemaliza ba Paluku." Akabandua orodha ya zamani kwa mkono wake mwenyewe, Barthélemy akabandika mpya, na mgao ukaanza. Mama Consolée alipokea unga wa watu watatu: yeye, Kambale na Kasereka. Alipima mfuko kwa mkono, akasema ni kilo thelathini na nne, si thelathini na sita, akaongezewa.

Baadaye alimkuta Barthélemy ameketi kwenye gogo nyuma ya kanisa, akiwa hana kazi yoyote anayoifanya. Alimpa ndizi mbili mbivu.

"Kambale. Wenu, ni kweli alikufa?"

"Sijue, Mama. Alienda Bisie na manguo. Mwaka 2004."

"Muliona mwili?"

"Hapana."

"Basi." Alikaza kitenge chake. "Wangu nilimuua leo mbele ya kanisa, na iko anabeba mbao. Umurudishe wenu mu mashini. Kabla haujafika kwa mama yako."

Barthélemy alifika Kirolirwe Jumapili, baada ya misa. Papa Léopold alimwashia jenereta bila kuuliza, jambo ambalo halikuwa kawaida. Barthélemy alifungua faili ya majaribio na kuiendesha ilivyokuwa. Programu ilijenga baba, ikajenga mama, ikajenga mtoto mmoja. Haikulalamika chochote. Ilifanya sawasawa alivyoiagiza.

Akaifungua faili tena. Sasa hakuandika kanuni. Aliandika mfuko mmoja tu kwa mkono wake, akauweka mbele ya ule wa Kambale. Jina: Paluku. Mwaka wa kuzaliwa aliujua, akauandika, 1978. Mahali: Walikale. Mwishoni fomu ilidai jina la mtu aliyetoa habari. Akaandika lake mwenyewe, akafunga mfuko, akaiendesha.

Wana walitoka wawili.