Picha Niliyoivuka Doha

Nilikwenda Doha kwa sababu ya picha moja ya Buddha, iliyochorwa juu ya kitambaa huko milima ya Himalaya. Jumba moja la makumbusho lilikuwa linaandaa maonyesho, likataka mtu wa kuikagua, kuiandikia maelezo na kusimamia inavyotundikwa. Wenzangu Nairobi hunitania: Mluhya na Himalaya, wapi na wapi? Lakini nilisomea sanaa za Asia Kusini kule India, na hiyo ndiyo kazi yangu miaka ishirini sasa.

Jumapili mchana ndege ilitua, joto likanipokea kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Binamu yangu Nekesa, ambaye ni muuguzi huko, alinipeleka kwake, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Aliniuliza mara mbili kama kweli mtu mzima anaweza kuajiriwa kutazama picha.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa ghalani mwa jumba lile. Hapo nilikutana na Pasang, fundi wa kutundika vitu, mtu wa Nepal, mpole, mwenye mikono mipana. Tuliongea Kihindi, na kufikia saa ya chai alikuwa ameshaanza kuniita dada. Alinieleza kuhusu binti zake wawili walioko shuleni Kathmandu. Kazi hiyo ya Doha ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha.

Jumanne nilikosea. Nilitaka kuipiga ile picha ya kitambaa kwa kamera nikiwa juu ya ngazi, na meza zote zilikuwa zimejaa vitu. Basi nikatandika karatasi safi sakafuni, nikaikunjua juu yake. Nilipopanda ngazi, nikaona pembe moja imejikunja. Nikashuka ngazi, na badala ya kuzunguka, nikainua mguu nikaivuka. Haraka zangu hizo! Kabla sijageuka, Pasang alikuwa amepiga magoti, ameiinua kwa mikono mitupu, ameigusisha kwenye paji la uso wake na kuiweka juu ya kabati.

Nilimfokea. Naona haya kuandika hivi, lakini nilimfokea, nikamwuliza glovu zake ziko wapi. Aliomba radhi, akatoka.

Saa nane mchana Bi Huda, mkuu wa maonyesho, aliniita ofisini. Kamera ya ghala ilimwonyesha Pasang tu. Ngazi yangu ilikuwa imeziba sakafu. Kanuni ya jumba ilikuwa wazi: anayeshika kitu cha maonyesho bila glovu anaachishwa kazi, na akishaachishwa, anarudi kwao. Bi Huda hakuonekana kufurahia. Alitaka ripoti yangu asubuhi. Nikaitikia, nikaondoka bila kusema neno juu ya sakafu. Woga tu, sina jina jingine la kuupa.

Jioni Nekesa alikuwa anapika chapati, nami namsimulia jinsi Pasang alivyojiponza. Akanikatiza.

"Kwani aliiokota wapi?"

"Sakafuni."

"Na nani aliiweka huko?"

Nekesa akageuza chapati yake.

"Basi, dadangu, unafikiria nini tena? Si uandike hivyo."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua. Nimewafundisha wanafunzi, darasa baada ya darasa, kwamba watu wa milima ile hawavuki picha takatifu kwa mguu. Huwa nawatungia hata swali la mtihani.

Jumatano asubuhi niliandika kwamba niliiweka picha sakafuni kinyume cha kanuni, kwamba niliivuka, na kwamba Pasang aliiondoa miguuni pangu. Bi Huda aliisoma ripoti mara mbili akiwa amesimama.

"Yeye atabaki," alisema. "Wewe, kazi yako hapa imeisha leo."

Sikubishana. Nilimtafuta Pasang nikamkuta anasawazisha ukuta wa ukumbi, nikamwomba msamaha.

"Dada, mwingine angeivuka, ningesema hajui," alisema. "Lakini wewe ulinieleza kila kilichochorwa pale."

Alhamisi nilipanda ndege ya kurudi, siku kumi kabla ya wakati. Mkuu wangu Nairobi aliniuliza kulikoni, nami nikamweleza yote. Tangu hapo somo lile nalifundisha kwa kuanza na mguu wangu mwenyewe, na wanafunzi hawacheki.

Maonyesho yalipofunguliwa, Nekesa alikwenda, akanitumia picha kwa simu. Buddha alikuwa juu sana, karibu na dari. Mimi ningemtundika usawa wa macho, kama tulivyofundishwa sote wa kazi hii. Nikampigia Nekesa nikitaka kujua ni nani aliyeamua vile. Akasema alimwuliza Pasang mwenyewe, akaambiwa kwamba Bi Huda alimwita mbele ya ukuta mtupu, akamwuliza itundikwe wapi.

Miaka ishirini nimetundika picha hizi, na sijawahi hata mara moja kumwuliza mtu anayeziinamia.