Rupia za Mwalimu wa Maneromango

Kwa miaka saba niliamini, kwa imani ya mtu anayeweza kupanda kizimbani na kula kiapo, kwamba mwalimu wangu wa Hisabati alihama Tangini, hapa Kibaha, kwenda Maneromango kuchimba rupia za Mjerumani. Sikudhani, wasomaji wangu; niliamini. Nilimweleza mke wangu, nikamweleza kinyozi wangu, na kinyozi akaieleza Kibaha nzima mpaka Kwala. Ushahidi niliuona unatosha: Maneromango kuna misheni ya zamani, na nani asiyejua kwamba Mjerumani hakuinua ukuta bila kuzika sanduku chini yake? Isitoshe, ramani nilikuwa nayo. Mwalimu huyo amefariki wiki iliyopita, mchana, kwenye kiti chake cha uvivu barazani, redio ikiwa inaongea. Tumemzika huko huko Maneromango, na nimerudi na habari inayonipunguzia heshima, lakini inamwongezea yeye. Hesabu hiyo naikubali.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha stationari pale Tangini, chenye mashine moja ya fotokopi iliyonguruma kiasi kwamba kuku wa jirani walihama. Mchana Mwalimu alifundisha sekondari ya jirani. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, alitufundisha sisi watu wazima tulioikimbia shule tukiwa wadogo na kuirudia tukiwa na vitambi. Cheti changu cha kidato cha nne ni kazi ya mikono yake. Alikuwa mrefu, wa kufungua dirisha la juu bila kupanda kiti, na mapenzi yake yalikuwa mawili: Hisabati na mpira wa kikapu wa Marekani. Ukimkuta Jumamosi anaangalia marudio ya mechi, usithubutu kumsalimia kabla ya mapumziko. Shikamoo ukiitoa robo ya kwanza, marahaba yake utaipata robo ya nne.

Jioni moja darasa lilikuwa linasinzia juu ya milinganyo. Akafuta ubao, akachora timu mbili. Timu ya kwanza, alisema, ina mchezaji mkongwe, goti bovu, mshahara mkubwa, na mkataba wake unaisha msimu huu huu. Timu ya pili ina kijana mzuri mwenye mkataba wa miaka mingi, lakini imechoka kushindwa na inataka kuanza upya. Basi timu ya pili inamtoa kijana, inamchukua mkongwe, na inashangilia. "Kwa nini?" Fundi simu, jirani yangu wa kibanda na wa dawati, akajibu upesi: "Wamerogwa." Darasa zima likaangua kicheko. "Hawajarogwa, bwana," Mwalimu akasema. "Huko mishahara ya timu ina kikomo, na mkibadilishana wachezaji, mishahara iendane. Huyu mkongwe, msimu ukiisha, anaondoka na mshahara wake wote, na timu inapata pa kumweka mtu inayemtaka. Hawamchukui yeye. Wanachukua nafasi atakayoiacha." Mimi, nisiyeweza kunyamaza hata nikiwa kwa daktari wa meno, nikauliza: "Mwalimu, yaani mtu anatakiwa kwa sababu anaondoka? Huo si ukatili?" Akaigeuzageuza chaki mkononi. "Ukatili uko sehemu moja tu," akasema. "Yeye mwenyewe haulizwi." Kisha akarudi kwenye milinganyo, na mimi nikarudi kusinzia.

Mwaka huo huo alikuja kibandani kwangu mwalimu mmoja wa kike kutoka Maneromango, naye wa Hisabati, mtoto mchanga mgongoni. Alitaka nimchapie tangazo la kubandika kwenye mbao za shule za Kibaha: anatafuta wa kubadilishana naye kituo cha kazi. Watumishi wa umma wanaujua utaratibu huu. Unamtafuta mwenzako wa somo lako, mnaandika barua, wakuu wenu wanasaini, mnasubiri kibali. Kazi ni kumpata huyo mwenzako. Fundi simu alilisoma tangazo juu ya bega langu akacheka. "Dada yangu, nani aache lami ya Tangini aende kula matope yako?" Yule dada aligeuka. Tukaiona miguu ya mtoto: plasta nyeupe, toka vidoleni mpaka mapajani. Alizaliwa nyayo zimepinda, akatueleza. Plasta inabadilishwa kila wiki hapa Kibaha. Likizo ya uzazi ilipoisha akarudi kazini, mvua ikafunga barabara, wiki zikapita, na nyayo zikarudi kupinda. "Daktari ameanza upya," akasema. "Nikikosa tena, atapasuliwa." Fundi simu akarudi kibandani kwake. Mimi nilimchapia bure, nikajiona mtakatifu.

Miezi michache baadaye Mwalimu, akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, akaniletea ramani iliyochorwa kwa mkono nimtolee kopi mbili. Ilionyesha barabara kutoka Kisarawe, misheni, kisima, na bondeni kabla ya kisima, alama ya X iliyokolezwa mara tatu. "Unasafiri, Mwalimu?" "Nahamia Maneromango." "Umekosa nini?" "Sijakosa kitu. Toa kopi, bwana, wino wako usije ukakauka." Sasa niambieni ninyi. Mtu mwenye akili zake, mwenye nyumba Tangini, amebakiza mwaka mmoja apumzike, ahamie Maneromango kwa hiari yake? Nilitoa kopi zake mbili, na ya tatu nikajitolea mimi. Muhula uliofuata yule dada alionekana akifundisha Tangini, mtoto wake akipelekwa hospitali kila wiki bila kukosa. Nilisema ana bahati. Basi. Hivyo viwili sikuviunganisha, na nina cheti.

Kiangazi mimi na fundi simu tulikwenda Maneromango na jembe na sururu. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba Mwalimu amechimba mashimo mawili marefu kwenye uwanja wa shule. (Yalikuwa ya nguzo za magoli ya kikapu, lakini ungeniambia hivyo siku ile ningekuonea huruma.) Tulilifikia bonde lenye X, tukachimba kando ya barabara mpaka viganja vikatoka malengelenge ya ukubwa wa chapati. Tulipata kipande cha bampa, mnyororo, na ndala moja ya kushoto. "Bampa la Mjerumani," fundi simu akanong'ona. Hapo ndipo Mwalimu alipotokea juu ya baiskeli. Alitutazama, akautazama mtaro wetu, uso ukamchangamka. "Mmefanya jambo la maana sana. Ongezeni kidogo upande wa chini, maji yapite." Tukaongeza. Akatupeleka kwake, akatulisha mihogo, akatuuliza habari za Tangini yote. Njia nzima ya kurudi tulikubaliana kwamba hakuna binadamu mjanja kama yule mzee. Na alipostaafu akabaki huko huko, nikasema: mnaona? Bado hajalipata sanduku.

Msibani nilikaa kwenye benchi moja na yule dada. Mwanawe, binti wa miaka saba sasa, alikuwa akikimbia kati ya viti vya wageni, akiruka kamba za turubai, na mama yake hakumkemea hata mara moja. "Mkuu wetu alikataa mara ya kwanza," akaniambia. "Alisema, nimtoe mwalimu mwenye miaka thelathini ya kazi mbele yake, nipewe mzee wa mwaka mmoja? Mwalimu akamwambia, 'Huo mwaka mmoja ndio uzuri wangu. Una kijana hapa anajitolea kufundisha, anasubiri nafasi ya kuajiriwa. Nafasi hiyo nitaiacha mimi.' Mkuu akasaini." Nikamwuliza kwa nini mzee hakutuambia. "Nilimwuliza hata mimi. Akasema watu wakianza kumshukuru, atakosa uhuru wa kuilalamikia ile barabara."

Nimeikumbuka chaki ikigeuzwageuzwa. Katika ofisi zetu mtu akibakiza mwaka mmoja tunaanza kumwongelea kama kiti kibovu. Vikaoni hapelekwi, kazi mpya hapewi, na wenzake wanaupima mlango kwa niaba yake. Kule viwandani Kwala nako nawasikia vijana wa mikataba ya miezi mitatu wakisema muda wao uliobaki hautoshi kitu. Mwalimu aliutazama muda wake uliobaki kwa jicho la Hisabati, akaona kwamba udogo wake ndio unaoufanya uwe na thamani kwa mtu mwingine. Wale wachezaji wa Marekani hawaulizwi. Yeye alijiuliza mwenyewe, akajijibu, akafunga mizigo. Nasema bila kusita: mwaka wa mwisho wa kazi unaweza kubeba mzigo ambao ile thelathini ya kwanza haikuuweza, mradi mwenyewe ndiye awe ameushika.

Hata hivyo, mimi ni mtu wa ushahidi. Nilitoa kwenye pochi ile kopi ya tatu, imechakaa mikunjoni, nikaikunjua mapajani na kumwonyesha. "Sawa, dada. Na hii?"

"Kaka, hii niliichora mimi, ajue njia."

"Na hii X?"

"Hapo ndipo gari linapokwama mvua ikinyesha."