Maji ya Kigombe Sokoni Guangzhou

Mimi na Tuhfa Zubeiri tunauza kwenye baraza moja pale Ngamiani, barabara ya nane. Mimi makava ya simu, yeye taa na redio. Baba yake Mpemba, mama yake wa Kigombe. Kwa ubishi huyu mwanamke hana mpinzani Tanga nzima, na nasema hivyo huku nampenda.

Mwaka juzi aliwauzia wavuvi wa Kigombe taa za kuchaji za kuvulia dagaa. Boksi lilisema maji hayaingii. Ya Saleh, mdogo wake wa tumbo moja, ilizimika huko huko baharini, mashua ikapanda mwamba, mguu ukavunjika. Mguu ulipona. Lakini Saleh alirudia karabai yake ya mafuta ya taa, na tangu hapo hakumwamkia tena dada yake. Hata siku ya Idi alimpita mlangoni bila shikamoo, mbele za watu. Hilo lilimchoma Tuhfa kuliko hasara yoyote ya dukani.

Basi tulipojiandaa kwenda China kufuata mzigo, nilimkuta anafunga begi, ndani chupa kubwa ya maji imeviringwa khanga.

"Maji ya nini, shoga? China hakuna maji?"

"Haya ya Kigombe. Nimeyachota pale pale Saleh anapofunga mashua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jamani, Guangzhou! Mimi mtoto wa kambi ya mkonge, nilidhani bandari yetu ndiyo mwisho wa ukubwa. Soko lile ni majengo yameshikana, na ghorofa nzima ni taa tupu: za kichwani, za bustanini, nyembamba kama uzi, pana kama ungo, zote zinawaka mchana kweupe. Machozi yalinitoka, na si kwa mwanga peke yake. Nikafanya ishara ya msalaba. Tuhfa alibaki na "Subhanallah, subhanallah", begi kalikumbatia. Niliona haya kwamba kile kibaraza chetu huwa nakiita duka.

Muuzaji wa kwanza, binti mwenye miwani, alitumbukiza taa kwenye beseni. Ikawaka vizuri tu. Mimi tayari nimeshashika kikokotoo, Tuhfa akaisemesha simu yake ya kutafsiri: "Hayo ya bomba. Tia haya." Akatoa chupa. Binti akanusa, akacheka, akaenda kuleta pakiti ya chumvi.

"Si itatosha hiyo chumvi?" nikamwambia. "Unataka tuhamie hapa?"

"Saleh ataniuliza nimeijaribu kwa maji gani, Devota. Nimwapie kwa chumvi ya jikoni?"

Taa ikalazwa kwenye maji yetu. Asubuhi tuliikuta imekufa, maji yamejaa ndani ya kioo. Tukahamia kwa muuzaji mwingine, taa yake nayo ikafa. Kila mara Tuhfa aliyarudisha maji chupani taratibu, akimfokea yeyote aliyetaka kuyamwaga, na kila mara yalipungua. Tulipofika kwa mzee mmoja na mkewe, kule kona ya mwisho, yaliyobaki yalijaza bakuli la supu tu. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yetu ya mwisho.

Asubuhi yake wauzaji wa jirani walikuwa wamejazana pale wanapiga picha. Taa ilikuwa inawaka ndani ya bahari ya Kigombe, katikati ya soko la Wachina. Nililia bila kuficha. Yule mama mwenye duka alichovya kidole, akaonja, akakunja uso, kisha akatuinulia dole gumba.

Tuliporudi, Tuhfa alimpelekea Saleh taa moja na ile chupa tupu.

"Nimeijaribu kwa maji yako."

Saleh aliigeuzageuza. Jioni ile alipakia taa, na karabai pia akaipakia. Tuhfa aliiona.

Kesho yake tulikuwa ufukweni pamoja na wanunuzi wa dagaa, jua limeshapanda. Saleh aliteremka mashuani, karabai kaiacha humo humo, akaja akichechemea kidogo katikati ya watu wote na ile taa mkononi. Ilikuwa bado inawaka. Hakuizima mpaka alipofika mbele ya dada yake.

"Shikamoo, dada."

Yule mbishi wa Tanga nzima aliitikia marahaba mara tatu, kama vile moja haitoshi.